Shajara ya kempa: kilomita 2,500 zilivyogeuka 640

Hii ni ya yeyote anayefikiria kukodi kempa, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, azunguke Ireland na familia. Sisi tunaishi Ennis, jimbo la Clare, kwa hiyo tiketi za ndege hazimo kwenye hesabu. Naongeza maandishi kila hatua inapoisha. Yaliyokwenda sawa nimeyapita mbio. Yaliyoharibika nimeyaeleza, maana ndiyo yaliyotula pesa.

12 Januari 2025: mpango wa kwanza

Mamangu anakuja Julai kutoka Mombasa. Ana ombi moja tu. Alipokuwa skuli alifundishwa Kiingereza na sista wa Kiairishi, mtu wa mji aliouita Kilani, na huyo sista alikuwa akiwaambia watoto kwamba kwao mvua hunyesha hadi kondoo wakaota kuvu. "Nipelekeni nikaione hiyo mvua," amesema. Kilani ni Killarney, jimbo la Kerry. Nimeandika.

Baba Salim ni mtu wa Kindu, Kongo, na yeye anataka ufuo wa Banna, huko huko Kerry. Ndiko Roger Casement aliposhuka kutoka nyambizi ya Wajerumani mwezi Aprili 1916, akakamatwa, na tarehe 3 Agosti mwaka huo akanyongwa London. Waairishi wanamkumbuka kwa kupigania uhuru wao. Mume wangu anamjua kwa ripoti yake ya 1904, iliyoeleza jinsi watu wa Kongo walivyokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. "Banna njo ya kwanza," kasema, "zingine zitafuata."

Mimi nikataka vyote. Barabara ya Wild Atlantic Way inaanzia Malin Head kaskazini na kuishia Kinsale kusini, kama kilomita 2,500. Nikagawanya kwa siku kumi: kilomita 250 kwa siku. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni masaa matatu na kidogo tu. Jedwali likapendeza kweli kweli. Bajeti: yuro 1,800.

26 Januari: dhoruba na mtungi wa gesi

Ijumaa tarehe 24 dhoruba Éowyn imepita. Mace Head, Galway, upepo ulipimwa kilomita 183 kwa saa, ukavunja rekodi iliyokuwapo tangu 1945. Nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zilikosa umeme, yetu ikiwamo.

Faida ndogo: jiko la gesi nililolinunua kwa ajili ya safari lilizinduliwa sebuleni, dirisha wazi, sote tumevaa makoti. Kopo la gramu 227 limewaka saa moja na nusu kwa moto mkubwa. Wali wa watu watatu na chai mara mbili, basi. Nimebadilisha hesabu ya makopo kutoka manne hadi kumi.

9 Februari: sheria ya mwendo

Juzi, tarehe 7, kikomo cha mwendo kwenye barabara ndogo za vijijini kimeshushwa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60. Nilikasirika kidogo, jedwali langu lilikuwa limesimama juu ya ile 80. Kisha tukaenda Loop Head, hapa hapa Clare, na gari letu dogo kufanya jaribio, nikiandika saa na kilomita. Hata 60 ni ndoto. Kona, trekta, kondoo, katikati ya lami kumeota majani, na ukikutana na gari lazima mmoja arudi nyuma hadi penye upana. Wastani wetu ulikuwa kilomita 38 kwa saa, na hilo gari ni dogo.

Kanuni tuliyoiweka: muda unaoonyeshwa na ramani ya simu tunauzidisha mara moja na nusu, na siku haizidi kilomita 110. Nusu ya njia imekufa hapo hapo. Mayo na Connemara nimezifuta kwa mkono wangu, na Ballyhaunis pamoja nazo, mji mdogo wenye msikiti uliojengwa mwaka 1987 ambao nilitaka Mama auone.

2 Machi: mpaka usioonekana

Kosa hili lisomwe polepole na kila mwenye mgeni kutoka Afrika Mashariki.

Mpango ulikuwa tupite Derry na Giant's Causeway, upande wa Ireland ya Kaskazini. Mpakani hakuna kizuizi wala askari. Utagundua umevuka pale vibao vya mwendo vinapobadilika kutoka kilomita hadi maili. Lakini Kaskazini ni Uingereza, na Mkenya anahitaji visa ya Uingereza kuingia hata kama ana visa ya Ireland mkononi. Mimi na Baba Salim tuna paspoti za Ireland, tunapita kama maji, ndiyo maana sikuwaza. Nilikuja kuligundua wakati wa kumjazia Mama fomu. Na visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya bara, nayo haimwingizi mtu Ireland. Hizi ni visa tatu mbalimbali.

Kumwombea visa ya pili, pesa na miezi mingine, kwa ajili ya siku mbili? Tumekataa. Kaskazini imefutwa, na Donegal nayo kwa sababu ya umbali. Visa ya Ireland ya kuingia mara moja: yuro 60.

23 Machi: vitanda vinne, mikanda miwili

Nimepoteza yuro 200 na sina wa kumlaumu.

Nililipia kempa ya "watu wanne". Wiki moja baadaye Baba Salim akauliza Salim atakaa wapi tukiwa njiani. Nikafungua picha: vitanda vinne, ndiyo, lakini viti vyenye mikanda ni viwili, vya mbele. Watu wanne wanaweza kulala, wawili tu ndio wanaoruhusiwa kusafiri. Malipo ya awali hayarudishwi, na masharti yalisema hivyo tangu mwanzo. Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili tofauti: vitanda vingapi, mikanda mingapi.

Gari la pili lina mikanda minne, urefu wa kwenda juu mita 2.75, uzito chini ya kilo 3,500 kwa hiyo leseni ya kawaida ya B inatosha. Yuro 165 kwa usiku mwezi Julai. Ila kuna jingine: wanataka dereva mwenye leseni ya miaka miwili. Leseni ya Kenya haibadilishwi hapa. Mimi nilianza upya, mtihani wa nadharia, masomo 12 ya lazima, mtihani wa barabarani, nikapata yangu Novemba iliyopita. Miaka ishirini ya kuendesha Mombasa, kwenye matatu za Likoni na pikipiki za pande zote nne, haihesabiki. Dereva ni mmoja, na dereva mmoja amesema hazidi masaa matatu kwa siku.

27 Aprili: usiku wa majaribio

Tumekodi kempa ya aina ile ile kwa wikendi, yuro 210. Nilisita kuzitoa. Sasa nasema ndizo pesa zilizotumika vizuri kuliko zote.

Jumamosi tulipanga kulala bure kando ya bahari. Tumefika saa mbili na nusu usiku, tukakuta chuma kimelazwa juu ya lango la maegesho, mita mbili kutoka chini. Fuo nyingi zina chuma hicho, na kimewekwa kwa ajili yetu sisi. Kurudi nyuma kwenye kijia kile, ua wa miiba kulia na ukuta wa mawe kushoto, trekta nyuma yetu likisubiri kwa adabu, kulichukua robo saa. Maegesho ya pili hayakuwa na chuma, yalikuwa na kibao cha halmashauri kinachokataza kulala ndani ya magari. Watu husema Ireland unalala popote. Si kweli, haki hiyo haipo. Ama ulipie kambi, ama uende kwenye eneo lililotengwa, ama umwombe mwenye uwanja.

Tukaishia kambini, yuro 34. Tukachomeka waya wa umeme, nikawasha hita na birika. Giza. Mwenye kambi akaja na tochi, mtu mpole, akatueleza kwamba nguzo yake inatoa ampea 6. Fanya hesabu: 6 mara volti 230 ni wati 1,380. Birika letu peke yake linakula 2,200. Suluhisho: birika la kuweka juu ya gesi, yuro 18, na hita ndogo ya wati 750.

Usiku tukagundua gari limeinama. Sote tuliamka tumejikusanya upande mmoja kama viazi ndani ya gunia, na kichwa kikiwa chini kuliko miguu kinauma hadi adhuhuri. Nimenunua kabari mbili za plastiki za kupandishia magurudumu, yuro 25, na sasa naweka yai mezani kabla ya kulala. Likibingirika, tunapanga upya.

Asubuhi nikapika chapati. Chapati ya pili, king'ora cha moshi kikalia, Salim akakimbia nje na blanketi, majirani wakatoka. Ndani ya kempa usikaange wala usichome. Kambi nyingi zina jiko la pamoja, uliza kabla hujalipa.

Choo nitakieleza kwa kifupi kwa heshima ya msomaji. Uchafu unaingia kwenye sanduku lenye mpini, ambalo unalitoa kwa mlango wa nje na kwenda kulimwaga mahali maalumu. Wakati wa kumwaga bonyeza kile kitufe cha kuingiza hewa. Baba Salim hakukibonyeza. Suruali imetupwa.

18 Mei: njia ya mwisho

Skellig Michael, kile kisiwa cha mawe ambako watawa waliishi karne nyingi zilizopita, nilikitaka sana. Mashua zinazoruhusiwa kutua ni chache, msimu unaanza katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, na nafasi za Julai zilikuwa zimekwisha nilipotafuta. Na hata ukipata, bahari ikichafuka hakuna kutua. Juu kuna ngazi 618 za mawe zisizo na vyuma vya kushikilia, Mama ana goti. Tutakitazama kutoka nchi kavu.

Conor Pass, njia ya mlimani ya kuingilia Dingle, imekatazwa kwa magari ya zaidi ya tani 2. Ramani ya simu haijui kwamba wewe ni kempa, itakupeleka tu. Tutapita barabara ya N86. Slea Head, barabara ya ncha ya Dingle, tutaizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kama mabasi yanavyofanya, na Ring of Kerry, barabara ya mzunguko ya kupitia Portmagee na Killarney, kinyume cha saa, pia kama mabasi. Wengine hushauri uende kinyume na mabasi usikwame nyuma yao. Kwa gari dogo sawa. Kwa kempa, kukutana na basi uso kwa uso kwenye kona ni balaa ambalo sikulitaka.

Kilichobaki: Ennis, Miltown Malbay, kivuko cha Killimer, Banna, Dingle, Portmagee, Killarney, nyumbani. Usiku saba, kilomita 640. Yaani ombi la Mama na ombi la mume wangu, pamoja na muziki wa Miltown Malbay niliouchomeka mimi.

6 Julai: Miltown Malbay

Mama amefika salama. Gari ameliangalia kwa muda mrefu kisha akasema, "Hii ni nyumba ya kobe." Jina limebaki. Kobe.

Wiki hii ni ya shule ya muziki ya Willie Clancy, inayofanyika hapa kila mwaka tangu 1973, mwaka aliofariki mpiga bomba huyo. Mji mdogo unafurika watu wenye filimbi na fidla. Kosa letu: tulidhani tutapata kambi hapo hapo. Zimejaa tangu miezi. Tukaenda kwenye kiwanja cha klabu ya michezo kijiji cha pili, tukaomba, tukaruhusiwa kulala bure. Tuliacha yuro 10 kwenye kopo lao la mchango.

Tatizo la pili ni Mama na baa. Muziki wenyewe hupigwa ndani ya baa, wanamuziki wamekaa duara pembeni. Watoto wanaruhusiwa humo na wazazi hadi saa nne usiku kipindi hiki cha kiangazi, na chai inauzwa, lakini Mama hakutaka hata kusogelea mlango, na sikumlazimisha. Suluhisho lilijileta: mchana muziki unamwagika barabarani. Kijana mmoja alikaa kwenye kizingiti cha duka akipiga uilleann pipes, bomba la Kiairishi ambalo halipulizwi kwa mdomo, upepo unatoka kwenye mfuko wa mvukuto unaobanwa na kiwiko. Mama alisimama nusu saa na goti lake. "Ni zumari," akasema, "ila huyu ana akili, hachoshi mashavu."

Magharibi inaingia karibu saa nne usiku. Mama amechungulia dirishani mara tatu na kuuliza jua hili lina nini.

7 Julai: Banna

Kivuko cha Killimer hadi Tarbert ni dakika 20, na kinaokoa kilomita 137 za kuzunguka kupitia Limerick. Rahisi, kata tiketi uende.

Banna ni mchanga mweupe mrefu, upepo, watu wachache na mbwa wao. Mnara wa Casement uko karibu na barabara. Tulisimama hapo, Baba Salim akamweleza Salim habari za mpira na vikapu vya mikono, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao ambacho mwanangu hukisikia mara chache. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akauliza tumetoka wapi. Alipoambiwa Kongo, akavua kofia. Wakaongea kwa muda mrefu, sisi tukaenda kutafuta makombe. Jedwali lilisema dakika 40. Tulikaa masaa manne, na kambi ya Dingle tukaifikia saa tatu na nusu.

9 Julai: Dingle, au Daingean Uí Chúis

Hii ni Gaeltacht, eneo la wazungumzaji wa Kiairishi, na vibao vya barabara havina Kiingereza. Simu inasema Ventry, kibao kinasema Ceann Trá. Simu inasema Dunquin, kibao kinasema Dún Chaoin. Tumepita njia panda moja mara tatu. Suluhisho ni karatasi iliyobandikwa mbele ya dereva, majina mawili mawili. Iandikeni nyumbani kabla ya kutoka, mimi niliiandika kando ya barabara huku kipimo cha hasira cha mume wangu kikipanda.

Vyoo navyo. Kwetu mlango ukiandikwa "Me" na "Ke" mtu anajua pa kwenda. Hapa Baba Salim ameona MNÁ na FIR, akaamua M ni ya mume. Mná ni wanawake. Ametoka mbio akifuatwa na vicheko vya bibi wawili.

Mama, kwa upande wake, amejifunza salamu. "Dia duit," maana yake Mungu awe nawe. Ameipenda. Anaitoa kwa kila mtu, pamoja na wale watalii Wajerumani.

Slea Head: kama kilomita 40 tu, tumetumia siku nzima. Kando ya bahari zinaonekana Blasket, visiwa ambavyo watu wake wa mwisho waliondolewa mwaka 1953. Kwenye kona moja tumejibana kupisha basi, ua wa maua mekundu ya fuchsia ukatusugua. Maua ni laini, ila nyuma ya maua kulikuwa na ukuta. Kioo cha kushoto kimekwaruzwa.

Salim amevaa jezi ya Clare ya hurling, mchezo wa magongo wa Kiairishi, mabingwa wa 2024, katikati ya Kerry. Kila duka wanamtania. Amekataa kuivua.

11 Julai: Portmagee hadi Killarney

Tumetoka Killorglin, mji wa kabla ya Portmagee, saa moja asubuhi, mabasi bado yamelala Killarney. Ni ushauri mzuri kuliko wote humu. Skellig tumeiona kutoka ufukweni, vidole viwili vya mawe baharini, Mama akasema inatosha.

Killarney tumefika jua likiwaka kama Mombasa mwezi wa Februari. Ndani ya Kobe ni tanuri, hakuna kiyoyozi tukiwa tumesimama. Mvua ya kuozesha kondoo hakuna. Mama amekaa kivulini akatazama maziwa na milima, ameridhika lakini ana kidogo cha kudai. "Mwanangu, sista alisema mvua."

13 Julai: hesabu

Gari limerudishwa jana. Kukodi yuro 1,155, bima ya ziada 140, malipo niliyopoteza 200, wikendi ya majaribio 210, kambi 221, dizeli 109, kivuko na maegesho 41, visa 60, chakula 194. Vifaa vya kempa, yaani birika, kabari, hita na makopo ya gesi, 93. Kioo kilichokwaruzwa wamekata 85 kwenye dhamana. Na ile 10 ya klabu. Jumla 2,518, dhidi ya 1,800 niliyoipanga. Suruali sijaihesabu.

15 Julai: masahihisho

Leo Mama amempigia simu rafiki yake aliyesoma naye, yuko Kisauni, amweleze alivyofika kwao sista. Nikasikia kimya, kisha Mama akauliza, "Una hakika?" Sista hakuwa mtu wa Killarney. Alikuwa wa Kilkenny. Mama alikumbuka mwanzo wa jina, mwisho nilimjazia mimi mwezi wa Januari, bila kuuliza.

Kilkenny kutoka Ennis ni kama masaa mawili kwa gari letu dogo, barabara pana. Mama anarudi tarehe 20. Tunaenda Alhamisi, na utabiri unasema mvua.